Punda Afe, Mzigo Ufike? Mwaka Wangu na Kahawa na Jumanne



Wiki hii nimetimiza mwaka mmoja tangu niwalete nyumbani, hapa Shirimatunda, punda wawili niliowanunua mnadani. Mnaonifuatilia hapa mnajua kwa nini niko nyumbani. Nilimaliza shahada ya falsafa, baba akafariki mwezi huohuo, nikaomba ruhusa ya kukaa nje ya seminari mwaka mmoja ili nimsaidie mama. Baba alituachia mkokoteni, deni la matibabu, na punda mmoja mzee ambaye naye alikufa wiki chache baada ya arobaini. Nikauza simu yangu nzuri, mama akaongeza hela ya kikoba chake, tukanunua dume na jike. Wote walikuwa wadogo, hawajawahi kubebeshwa hata kikapu. Dume, mdogo wangu alimwita Jumanne, kwa sababu ndiyo siku tuliyomnunua. Jike akamwita Kahawa, kwa ajili ya rangi yake.

Wenzangu wa seminari walinitania sana. "Frateri, Plato alizungumzia farasi, wewe umeangukia punda!" Ni kweli, katika kitabu kiitwacho Phaedrus Plato anaifananisha roho ya mtu na mwendesha gari anayevutwa na farasi wawili, mmoja msikivu na mwingine mkorofi. Lakini farasi huku kwetu ni wachache. Wapo wachache wanaofugwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa ajili ya watalii, na kuwatunza si mchezo. Upo ugonjwa wa virusi unaosambazwa na wadudu wadogo wanaouma, nao ukiingia kwa farasi huwaua wengi. Punda na punda milia huupata pia, ila mara nyingi hawaugui sana. Punda ni mwenyeji wa Afrika, mababu zake wa porini walitoka upande wa kaskazini mashariki wa bara letu hili. Kwa hiyo mwenye farasi ni tajiri, na sisi wengine tunaye punda. Nimekuja kuona kwamba hata kwa falsafa punda anatosha.

Leo nataka tulifikirie swali moja ambalo limenisumbua mwaka mzima. Aliye chini yako akikutii kwa sababu anakuogopa, je, amekutii kweli? Na wewe uliyemfanya aogope, umekuwa nani?

Darajani

Kulikuwa na mfereji njiani, na juu yake kidaraja cha mbao. Wiki ya pili nikamfikisha Jumanne pale. Akasimama. Nikavuta kamba, akakaza shingo. Nikamsukuma kwa nyuma, wapi. Watu wakaanza kusimama kutazama, na vijana wa bodaboda wakaanza kutoa ushauri, si unajua tena. Mmoja akasema, "Mfrateri, mwombee!" Wote wakacheka.

Nikachukua fimbo, nikampiga. Sikumpiga mara moja. Nilimpiga mpaka mkono ukachoka, na kwenye paja lake nikaacha alama ambayo mpaka leo manyoya yake hayajaota vizuri. Hakuvuka. Alitetemeka tu, masikio yamelala nyuma, miguu ameikita chini kama nguzo.

Najua unachokifikiria, kwa sababu hata mimi nilikifikiria jioni ile. Bila shaka unamkumbuka punda wa Balaamu, katika kitabu cha Hesabu sura ya 22. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu kwa kukataa kwenda, kumbe punda alikuwa amemwona malaika wa Bwana ambaye nabii mwenyewe hakumwona. Nikajiambia, labda na Jumanne ameona kitu. Kesho yake alfajiri nikarudi peke yangu. Nikachunguza kila ubao, nikaingia hadi mfereji wenyewe, nikachungulia chini ya daraja.

Hakukuwa na kitu. Mbao zilikuwa nzima, na nyoka hakuwepo. Wala malaika hakuwepo. Jumanne aliogopa tu sauti ya maji na mwanga unaopenya kati ya mbao. Alikosea.

Hapo ndipo swali langu lilipokuwa gumu. Kama daraja lingekuwa bovu, hadithi ingekuwa rahisi: punda alikuwa sahihi, mimi mbaya, tumalizie kwa sala. Lakini mimi ndiye niliyekuwa sahihi! Daraja lilikuwa salama, na mzigo ulipaswa kufika. Na bado, nikiikumbuka ile alama kwenye paja lake, nilijua nimefanya kosa. Kumbe mtu anaweza kuwa na ukweli mkononi akautumia vibaya. Vijana, hili tulishike, hasa sisi tunaobishana sana mtandaoni kuhusu imani. Kuwa sahihi hakukupi ruhusa ya kumuumiza aliyekosea.

Somo la Babu

Jirani yetu mmoja, mzee aliyefuga punda tangu ujana wake, alisikia habari zangu. Akaja jioni na fimbo yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nasikia umesomea mambo ya akili."

"Ndiyo babu. Falsafa."

"Basi mbona punda ndiye aliyekuwa anafikiri, wewe unapiga?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kitu ambacho baadaye nimekithibitisha mwenyewe mara nyingi. Farasi akiogopa anakimbia. Punda akiogopa mara nyingi anasimama, aangalie kwanza. Sisi tunakuita kusimama huko ukaidi, wakati yeye anapima. Ukimpiga wakati anapima unamwongezea kitu cha pili cha kuogopa, nacho ni wewe. Sasa ana daraja mbele na adui nyuma, akili yake inafunga kabisa.

Kazi ya kumfundisha haikuwa na ajabu yoyote. Babu alisema nimlete Jumanne hadi pale anapoanza kuogopa, siyo zaidi. Nisimame naye. Nikaze kamba kidogo tu, na akisogeza hata kwato moja mbele, niilegeze palepale. Kule kulegeza ndiko kunakomwambia kwamba amefanya vizuri. Nimpe ganda la ndizi, nimkune shingo, turudi nyumbani. Kesho tena. Kahawa, ambaye hakujali daraja hata kidogo, atangulie mbele ili mwenzake amwone.

Ilichukua siku kumi na tisa. Siku ya kumi na tisa Jumanne alivuka akimfuata Kahawa, akafika ng'ambo, akajitikisa, akala majani kama vile hakuna lililotokea. Nilikaa chini pale nikalia. Nadhani nilikuwa namlilia na baba pia.

Na fimbo ya babu? Anatembea nayo kila siku. Anaitumia kuonyesha njia, na kumgusa punda begani anapotaka ageuke. Nilimuuliza kama hajawahi kupiga. Akasema, "Nimepiga sana. Ndiyo maana najua."

Utawala wa namna mbili

Darasani tulisoma jambo moja la Aristotle ambalo nililikariri kwa ajili ya mtihani nikafaulu nalo vizuri. Katika kitabu cha kwanza cha Siasa anasema roho inautawala mwili kama bwana anavyomtawala mtumwa, lakini akili inazitawala tamaa kwa namna nyingine, kama kiongozi anavyowatawala watu huru. Mtakatifu Tomaso wa Akwino analichukua wazo hilo katika Summa, Sehemu ya Kwanza, swali la 81. Nikiuamuru mkono wangu uinuke, unainuka, haubishani. Lakini nikiiamuru hasira yangu itulie, haitulii hivihivi. Hasira na tamaa zina kitu chao wenyewe, zinaweza kupinga. Kwa hiyo akili inabidi iziongoze kama raia, kwa kuzishawishi na kuzizoeza, na haiwezi kuzikokota kama mizigo.

Tomaso hakuwa anazungumzia ufugaji wa punda, ila mimi nililielewa darajani. Nilikuwa nimemchukulia Jumanne kama mkono wangu. Nilitegemea niseme naye aende. Alipokataa nikafikiri tatizo ni nguvu kidogo, nikaongeza nguvu. Lakini kiumbe kinachoweza kuogopa, kuamini na kukumbuka, hakitawaliki kama jiwe. Ukikilazimisha, utapata mwendo, utii hupati. Siku ukilegeza macho, mwendo wenyewe unakwisha.

Na wengi wetu vijana tunaiendesha miili yetu vilevile. Tunaanguka dhambi ileile, tunajichukia, tunajiwekea mafungo ya kujikomoa, wiki mbili tunakaza, ya tatu tunaanguka vibaya zaidi. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliuita mwili wake Ndugu Punda, na kwamba karibu na kufa kwake alikiri kuwa ameukosea sana kwa ukali wake. Sisemi tuache kufunga. Kujinyima ni kuzuri na Kanisa linatufundisha hivyo. Nasema tu tujiulize: ninajizoeza, au ninajipiga? Anayejizoeza anaanzia mahali hofu yake inapoanzia, anasogea kwato moja kwa siku, naye anamshukuru Mungu kwa hiyo kwato moja. Anayejipiga anataka avuke daraja leoleo, watu wakiwa wanatazama.

Mkono uleule

Sasa niwaambie jambo ambalo nimelichelewesha kwa miezi kadhaa kuliandika.

Siku chache baada ya ile ya darajani, kabla sijajifunza vizuri kwa babu, nilimwagiza mdogo wangu akachote maji ya punda. Yuko kidato cha pili. Alikuwa anachezea simu ya mama, akasema anakuja, hakuja. Nikamwita tena. Akanijibu vibaya. Fimbo ilikuwa mlangoni. Nilijikuta nimeishika, nimeinua mkono, na maneno yaliyonitoka mdomoni yalikuwa yaleyale, neno kwa neno, niliyomwambia Jumanne pale kwenye mfereji. Nilimpiga mara mbili. Akatoka mbio, akalala kwa shangazi siku mbili.

Tomaso wa Akwino anaeleza kwamba zile sheria za Agano la Kale za kuwahurumia wanyama zilikuwa pia na lengo la kumzoeza mtu kumhurumia mwenzake. Nilikuwa nimelisoma hilo na kuliona ni hoja ya pembeni. Nyumbani kwetu haikuwa ya pembeni. Mkono unajifunza. Ulichokiruhusu kwa punda leo, mkono wako hautauliza kesho kama aliye mbele yako ni punda au ni mtoto wa mama yako.

Nilikwenda kwa shangazi. Njiani nilijiandaa kumfundisha mdogo wangu kwa upole, kama babu alivyonielekeza, hatua kwa hatua. Kumbe hapo nilikuwa nakosea tena. Mtu si punda. Jumanne nilitakiwa kumrudishia imani yake kwangu kwa siku kumi na tisa za uvumilivu, kwa sababu hana namna ya kupokea neno la msamaha. Mdogo wangu anayo. Ana akili na hiari, ameumbwa kwa mfano wa Mungu, anaweza kunihukumu kwa haki. Kwake nilidaiwa kitu ambacho siwezi kumpa punda, yaani kusema nimekosa na kusubiri jibu lake bila kulilazimisha.

Nikasema. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Kaka, ukiwa padri, na waumini wakikataa, utatupiga?"

Alisema "utatupiga." Alijihesabu miongoni mwa waumini wangu. Sijawahi kuulizwa swali zito kuliko hilo na mlezi yeyote wa seminari.

Mifuko minne ya saruji

Waswahili tunasema, "Punda afe, mzigo ufike." Tunaisema kwa kujisifu, kwamba sisi tukianza jambo tunalimaliza. Wanafunzi wanaisema kabla ya mtihani. Na mimi niliipenda. Sasa naomba tuiangalie kutoka upande wa punda.

Februari mtu mmoja alikuwa anajenga mahali gari lisipofika, juu kidogo kwenye mteremko. Akatafuta punda wa kupandisha saruji. Kipimo cha babu ni mfuko mmoja wa kilo 50 kwa kila punda, basi. Yule bwana akasema akiona mifuko miwili miwili ataongeza hela, maana fundi anasubiri. Wiki ileile wadai wa deni la baba walikuwa wamepiga simu mara tatu. Nilimwangalia Kahawa. Hakukataa, yeye huwa hakatai. Nikapakia.

Tulipanda safari nne. Ya nne alipiga magoti mara moja, akainuka mwenyewe, akaendelea. Jioni nilipotoa tandiko nikakuta kidonda mgongoni kikubwa kama kiganja. Bwana mifugo akasema asibebe kitu kwa wiki tatu.

Rahisi kusema kwamba tulipata hasara, kwa hiyo huruma inalipa. Ni kweli tulipata hasara, dawa pekee ilikula hela ya siku ile. Lakini nisijidanganye. Kama kidonda kisingetokea na hela ingebaki mfukoni, bado ningekuwa nimekosea. Kosa lilifanyika nilipomwangalia, nikajua, nikapakia. Hesabu ya faida ilikuja baadaye.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, inatupa mizani nzuri. Inasema wanyama ni viumbe vya Mungu, wanamtukuza kwa kule kuwepo kwao tu, nasi tunawiwa kuwatendea kwa wema. Inaruhusu tuwatumie kwa chakula, mavazi na kazi. Na inasema kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu. Sasa wapo wanaosema, basi shida ni heshima yetu tu, punda mwenyewe hana lake. Mimi naona Maandiko yanakwenda mbali zaidi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinaagiza kwamba ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, umsaidie. Ugomvi ni wako na mwenye punda, lakini maumivu ni ya punda, na Mungu anayaona hata wakati wewe unaona ugomvi tu. Na amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inamtaja punda kwa jina, naye apumzike. Ukifikiri, ni jambo la ajabu sana. Mungu aliyepumzika siku ya saba amemtengea punda sehemu ya pumziko hilo. Tangu nilipoliona hilo, Kahawa na Jumanne hawafanyi kazi Jumapili, hata mteja alie.

Miaka ya karibuni punda wengi Afrika wameuawa kwa ajili ya ngozi, zinazochemshwa kupata dawa inayouzwa China. Biashara ilifika mahali punda aliyekufa akawa na bei kuliko huduma yake yote akiwa hai, na familia nyingi, hasa wanawake wanaobeba maji na kuni, zikaibiwa wanyama wao. Februari 2024, huko Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji huo wa punda kwa ajili ya ngozi. Nilifurahi. Lakini nilijiuliza pia, mimi niliyepakia mifuko minne, nina tofauti gani kubwa na mchuna ngozi? Yeye anaitoa ngozi kwa siku moja. Mimi nilianza kuitoa kidogokidogo, mahali pa kiganja kimoja.

Na wapo watu wanaobebeshwa hivyo. Dada wa kazi anayelala saa sita na kuamka saa kumi. Kijana wa mzani sokoni. Mama yako, pengine, ambaye hajawahi kukataa, kwa hiyo kila mtu anaongeza mfuko. Asiyekataa ndiye tunayemwonea zaidi. Kahawa amenifundisha kumwogopa Mungu kwa ajili ya wale wasiokataa.

Jumapili ya Matawi

Vijana wa parokia waliniomba punda kwa ajili ya maandamano ya Matawi, na Paroko akakubali. Wakati huo nilikuwa nimeanza kumpanda Jumanne taratibu, jioni, uwanjani. Nikarudi kusoma Injili kama mtu mwenye punda. Marko, sura ya 11, anasema Yesu alipanda mwanapunda ambaye hajawahi kupandwa na mtu. Jamani! Aliyewahi kufundisha punda anajua maana yake. Mwanapunda mbichi, katikati ya kelele za umati, watu wanatupa nguo chini ya miguu yake, matawi yanapunga machoni pake. Kwa kawaida angesimama kama nguzo. Halafu Mathayo, sura ya 21, anataja kitu ambacho zamani nilikiona ni cha ziada: mama yake aliletwa pamoja naye. Sijui mwinjili alikusudia nini, yeye mwenyewe anautaja unabii wa Zekaria. Lakini mimi nilimkumbuka Kahawa akitangulia darajani. Mfalme wetu hakuingia mjini kwa kumburuza mnyama. Tangu mwanzo Mungu anapotuomba jambo gumu hutupa na mtu wa kutembea kando yetu.

Basi siku ile nikampanda Jumanne, mdogo wangu akamshika Kahawa kando yetu. Nusu ya njia tulikwenda vizuri, watoto wakishangilia na matawi. Tulipokaribia kanisa ngoma zikalia kwa nguvu. Jumanne akasimama.

Watu wote wakatazama. Nilihisi ule moto wa siku ya mfereji ukipanda kifuani, uleule, haujaondoka hata kidogo. Sasa nilikuwa nimeshika tawi la mtende mkononi, nalo ni fimbo ukitaka liwe fimbo. Mdogo wangu aliniangalia. Hakusema kitu.

Nilishuka. Nikasimama kando ya Jumanne, nikaweka mkono shingoni mwake, nikangoja. Maandamano yakatupita. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mfrateri kashushwa!" na kicheko kikawa kikubwa. Ngoma zilipoingia ndani, masikio yake yakageuka mbele, tukatembea sote wanne hadi mlangoni, sisi wa mwisho kabisa. Tukachelewa mwanzo wa masomo.

Msikivu

Kiswahili chetu kina hekima. Mtoto mtiifu tunamwita msikivu. Mkaidi tunasema hasikii. Hata Kilatini, neno la utii limetokana na neno la kusikia. Kumbe utii ni jambo la masikio kabla halijawa la miguu. Ndiyo maana hofu haizai utii. Anayeogopa hasikii, anasikiliza tu kama fimbo inakuja.

Na mwaka huu nimegundua kwamba usikivu unaanzia kwa mwenye kamba. Jumanne alianza kunisikia siku nilipoanza kumsikia yeye, nikajifunza kusoma masikio yake, pumzi yake, uzito anaouhamisha mguuni. Anayeongoza akiwa hasikii, wa chini yake watakuwa wanaogopa tu, hata kama wanatii kwa mdomo.

Mwezi ujao narudi kuanza teolojia. Mungu akipenda, siku moja nitapiga magoti, nitaweka mikono yangu ndani ya mikono ya askofu na kuahidi heshima na utii. Zamani nilifikiri ahadi hiyo inahusu mimi kukubali kuongozwa. Sasa naiona pia kama ahadi inayohusu watakaokuwa chini yangu. Nitakuwa nimeshika kamba yenye watu. Wengine watasimama darajani. Wengine watakuwa wamekosea kabisa, na mimi nitakuwa na ukweli wote wa Kanisa mkononi. Swali la mdogo wangu litakuwa linanisubiri palepale. Sijui kama nitalijibu vizuri kila siku. Najua moto ule bado uko kifuani. Ninaukabidhi kwa Kristo kila asubuhi, kwato moja kwa wakati.

Deni la baba limebaki kidogo. Mdogo wangu ndiye atakayebaki na punda. Juzi nilimkuta njiani, Jumanne amegoma mbele ya dimbwi la maji baada ya mvua. Alikuwa amelegeza kamba, amekaa juu ya jiwe, anakula ndizi. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Anafikiri. Nami nimempa nafasi."

Kwa tafakari yako wiki hii:

1. Ni nani anayekutii kwa sababu anakuogopa? Umewahi kumwomba msamaha?
2. Ni nani nyumbani kwenu asiyekataa kamwe, na mzigo wake una kilo ngapi?
3. Katika vita yako na dhambi, unajizoeza au unajipiga?

Tusali: Ee Yesu, uliyeingia Yerusalemu juu ya mwanapunda, ushike kamba ya moyo wangu kwa mkono wako mpole. Unisubiri ninapoogopa. Na unaponipa wengine wa kuwaongoza, unifundishe kuwasubiri kama unavyonisubiri mimi. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!